Kiwiko cha Kavata

Kila asubuhi nyumbani kwao katika kijiji cha Kola, Kavata, msichana wa miaka kumi na miwili, alipika uji kabla ya kwenda shuleni. Siku moja kuni zilikuwa mbichi. Akazimwagia mafuta ya taa, ingawa mama yake, Ndila, alikuwa amemkataza. Moto ulilipuka, ukashika sweta yake na kumla kiwiko hadi mfupa ukaonekana.

Katika hospitali moja mjini Machakos, Daktari Ndeti alieleza kwamba ngozi tupu haiwezi kushika juu ya mfupa. Alichukua kipande cha ngozi pamoja na nyama yake kutoka mgongoni, akakipitisha kwapani bila kuukata mshipa wake wa damu, akafunika kiwiko.

"Mshipa huu ukibanwa, kipande kitakufa," alionya. "Usishuke kitandani peke yako."

Asubuhi ya siku ya pili baada ya upasuaji, Kavata alichoka kuomba kupelekwa chooni kama mtoto mchanga. Akashuka mwenyewe, akateleza, kwapa likagonga chuma cha kitanda. Akarudi kulala akiuma meno, akanyamaza.

Kabla ya adhuhuri muuguzi Munyiva alikuja kumkagua. Kipande kilikuwa kimevimba na kugeuka zambarau.

"Kavata, umeanguka?"

"Hapana, sista."

"Mtoto wangu hadanganyi," Ndila, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia wodini, akadakia kwa ukali. "Labda ni nyinyi mmemfanyia vibaya."

Munyiva alikwenda mbio kumwita daktari. Kavata alijaribu kumtazama mama yake, akashindwa.

Daktari alipofika, alikunja uso. "Itabidi nifungue mshono wote nitafute tatizo, na muda hatuna."

"Nilianguka!" Kavata akalia. "Nilijigonga hapa, kwapani. Mama, nisamehe."

Alikimbizwa chumba cha upasuaji. Daktari alifungua palepale kwapani, akaondoa donge la damu lililokuwa likibana mshipa.

Jioni kipande kilikuwa na joto tena, ila ukingo mmoja ulikuwa umekufa. "Mkono utanyooka, lakini si kabisa," Daktari Ndeti alisema. "Ungetuambia asubuhi, huenda tusingepoteza hata hicho. Ungenyamaza hadi sasa, tungepoteza chote. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaona haya. Siwezi kutibu nilichofichwa."

Kavata aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Ndila akamgeukia Munyiva. "Sista, nilikulaumu bure. Nisamehe."

"Yameisha, mama," Munyiva akasema, akimwekea Kavata mto chini ya mkono.