CD Kumi na Saba Zilizokufa Njiani

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Ijumaa, CD ya kumi na saba ilikufa. Mashine ya kuchomea iliitema, na fundi akaiweka juu ya wenzake kumi na sita.

"Umeona, Mjomba?" alisema Mama Studio, mwenye duka lile la kurekodi sherehe. "Wiki mbili sasa. Mahafali ya chuo cha wauguzi, CD sitini, wazazi wanazitaka leo jioni. Kikulacho ki nguoni mwako. Saa nane ikifika bila jibu, huyu fundi aondoke."

Mzee hakutaka kuja. Miaka thelathini ya upelelezi ilimwachia goti bovu na usingizi usiokwisha, na watu waliendelea kumwita Afande hata alipostaafu. Lakini mpwa ni mpwa. Alivuta kiti, akaketi kwa kuguna.

"Haya fundi. Nieleze kama mtoto. CD inakufaje?"

Fundi alikuwa na miaka sita kwenye kiti kile, na siku hizo macho yalikuwa yamemwiva. "Afande, CD ikianza kuchomwa haisubiri mtu. Kompyuta inasoma video kwenye diski yake, inaijaza kwenye akiba ndogo tunayoiita bafa, na mashine inachota humo. Kompyuta ikichelewa kujaza, bafa inakauka, CD imekwisha. Mashine mpya zinajua kusimama na kuendelea. Hii ya zamani haijui."

"Na kinachoichelewesha?"

"Kazi nyingine kwenye diski ileile. Ndiyo maana nimefunga programu zote. Mwendo wa kuchoma nimeushusha kutoka mara thelathini na mbili hadi mara nane. Bado zinakufa."

Mzee aliinua moja dirishani. Upande wa chini ilikuwa na pete iliyoungua kuanzia katikati, kisha ikakatika. Ya pili ilikatika mbali zaidi. Ya tatu ilikatika karibu kabisa na tundu. Hapakuwa na mahali pamoja pa kufia.

"Saa zinapokufa unaziandika?"

"Zote." Fundi alimpa daftari. "Nilijua ipo siku nitaulizwa."

Wiki iliyopita tano. Wiki hii, Jumatatu, saa tatu na robo, saa tano na dakika arobaini, saa tisa na dakika tano. Jumanne nne, Jumatano nne. Alhamisi hakuna hata moja, na CD kumi na mbili zilitoka nzima.

Aliitwa kutoka kwake, nyumba ya jirani, mama wa usafi, ambaye Mama Studio alidai huigonga meza ya mashine. "Mimi?" alimaka. "Napiga deki saa moja, saa mbili nishaondoka. Na meza hiyo siigusi, Afande. Fundi alisema nikiigusa atanimeza mzima!" Daftari lilimtetea, maana hakuna CD iliyokufa kabla ya saa tatu.

"Basi ni yule wa duka la mbele," alisema Mama Studio. "Ananiuzia CD tupu mbovu. Kijicho."

"Za Alhamisi zilitoka pakiti gani?"

"Hiihii," alisema fundi.

Mzee alifumba macho. Alichoka kuona watu wakirushiana lawama. "Mpwa wangu, Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Nilimpeleka mama kliniki, kutwa nzima. Kwani vipi?"

"Basi tu. Nenda ofisini kwako, fanya kazi zako kama kila siku. Fundi, choma nyingine."

Ukutani palikuwa na kisanduku kilichounganisha nyaya za kompyuta mbili, ya fundi na ya ofisini. Kilikuwa na taa ya kijani. Kwa dakika sita taa ilitulia, na bafa kwenye skrini ikasimama kwenye asilimia tisini na nane. Saa tano na dakika mbili taa ilianza kumemeta kwa pupa. Tisini na nane ikawa sitini, ikawa ishirini, ikawa sifuri. CD ya kumi na nane ikatemwa.

Mzee alitembea hatua nane na kufungua mlango wa ofisi bila hodi. Fundi alimfuata. Kwenye skrini ya Mama Studio ilionekana skrini ya fundi, yote, hata mshale wake.

"Programu hii iliwekwa lini?" aliuliza mzee.

Mama Studio alijiinua kitini. "Wiki mbili zilizopita."

"Ukiifungua inafanya nini?"

"Inapekua diski yake nzima. Inaniambia kama kanakili rekodi ya mteja."

"Diski ileile anayochomea."

Mama Studio aliketi tena. "Mjomba, kabla yake kiti kile alikikalia kaka yangu, toka nitoke. Akaondoka na rekodi zangu zote, akafungua duka lake. Kama wa damu kanifanyia hivyo, huyu wa kuja je? Na kila CD ilipokufa, nilizidi kuchungulia."

"Na kila ulipochungulia, nyingine ikafa. Ulisema kikulacho ki nguoni. Hukukosea. Ila kikulacho ni wewe mwenyewe."

"Fundi, nisamehe," alisema Mama Studio, na machozi yalikuwa ya kweli. "Naifuta sasa hivi. Kiti ni chako."

Fundi alirudi mezani kwake. Alichomoa waya wa ofisini, akachoma CD ishirini na nne zilizobaki, moja baada ya moja. Saa tisa na nusu zote sitini zilikuwa nzima mezani. Alivaa kandambili za barabarani, akaweka ufunguo wa duka juu ya zile zilizokufa.

"Miaka sita, Mama. Ungeniuliza tu."

"Usiende, fundi! Nimekosa, nimekiri. Sitakuchunguza tena, nakuapia."

Fundi alisita mlangoni, na mzee aliona kwamba angeweza kubaki. Kisha akaunyanyua mfuko wake begani, na macho ya Mama Studio yakaufuata ule mfuko. Hata yeye hakujua kama yameufuata.

Fundi alijua. Alirudi, akaufungua mbele yake: sweta, kikombe, miwani iliyovunjika sikio.

"Umeona?" alisema kwa upole, akaufunga, akatoka.