Kalunguyeye Aliyemjua Ilma

Aliyemwambia Razija kwanza ni mama mkwe wake, Devleta, aliyetokeza mlangoni na unga mikononi.

"Mwanangu, kompyuta yako imekohoa."

"Ni feni, mama. Imejaa masizi ya jiko."

"Feni naijua. Hii imekohoa kama mtu anayetaka kuanza kusema."

Razija alicheka, lakini hakwenda kuitazama. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya Senad, mumewe, akimsimulia mtoto aliyekuwa bado tumboni hadithi ya kalunguyeye aliyeiba pera. Moyo wa Senad ulisimama ghafla kabla mtoto hajazaliwa. Sasa Ilma alikuwa binti wa miaka mitatu, na kwake baba alikuwa sauti ile tu.

Na faili lenye sauti hiyo lilikuwa limeharibika. Kila Razija alipolifungua, kompyuta ilimjibu kwamba haliwezi kusomeka. Nakala nyingine hakuwa nayo. Tangu asubuhi programu ya kuokoa mafaili ilikuwa inaokota vipande, kimoja kimoja.

"Liliharibika lini?" Devleta aliuliza.

"Tangu siku ile nilipoitoa kompyuta nje kuipuliza vumbi."

"Ukaiweka wapi?"

"Chini ya upenu. Pale tunapomwaga majivu." Razija akainamisha kichwa. "Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Nilikuwa na haraka, mama. Hata bismillahi sikusema."

Devleta aliacha kujifuta unga. Katika mji mzima wa Visoko hakuna mtoto asiyejua kwamba majini huketi penye majivu jua likizama.

"Umewawekea chuma juu ya sinia lao la chakula," alisema. "Ningekuwa mimi, nisingekohoa tu. Ningeng'ata."

Alasiri programu ilimaliza. Razija akambeba Ilma mapajani, akafungua.

"Kalunguyeye akaona pera," alisema Senad.

"Baba!" Ilma akapiga makofi. Razija alilia kwa furaha, akambusu mtoto utosini. Hadithi ilikwenda vilevile Razija alivyoikariri, mpaka kalunguyeye akalala chini ya majani. Hapo ndipo Senad alipokuwa akimaliza siku zote.

Lakini sauti haikukoma. Ilivuta pumzi, na chumbani mkaingia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na Razija akanyoosha mkono aizime lakini mkono ukawa mzito kama wa mtu aliyelala, na ile sauti, sauti ya Senad kabisa, na ule mtetemo wake wa mwisho wa maneno, ikaendelea taratibu kusema kwamba kalunguyeye hakulala, alijisingizia, alikuwa anasikiliza nje ya mlango, na nje kuna baridi, na mlango ufunguliwe.

"Nifungulie, Ilma."

Jina hilo Devleta alilichagua siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa. Senad hakuwahi kulisikia.

Ilma aliteremka mapajani, akaenda mbio mlangoni, akashika kitasa. Razija alimnyakua, akapiga ukelele uliomleta Devleta kutoka nyumbani kwake, nyumba ya chini.

Jioni ile walimwita Bibi Zulejha, anayeyeyusha madini ya risasi kuwatibu waliotishwa. Alimfunika Razija kitambaa chekundu, akasoma, akamimina risasi ya moto ndani ya bakuli la maji juu ya kichwa chake. Ilichachatika. Kwa watu wengine risasi hutoka na miiba, na miiba ndiyo hofu. Hii ilitoka laini, duara, yenye tundu katikati.

"Kinywa," alinong'ona Devleta.

"Kinywa kitupu," alisema Bibi Zulejha. "Jini huyu hana sauti yake, anaazima. Akisikilizwa anashiba, na akishiba anaingia. Lifute faili kukipambazuka. Na usilisikilize tena, mwanangu, hata kwa kuaga."

"Na mume wangu je? Yumo humo humo."

"Maziwa yamekwisha kutiwa maji. Nani atayatenga?"

"Kwa hiyo mtoto asiwe na baba kabisa?"

Bibi Zulejha alikusanya vitu vyake.

Asubuhi yake Razija alimvika Ilma sweta nene, akamkabidhi kwa Devleta pamoja na nguo za siku kadhaa.

"Zote hizi za nini?" Devleta alimkazia macho. "Umekwisha kulifuta?"

"Naenda kulifuta, mama."

"Razija."

"Nimesema naenda."

Akapanda nyumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Faili lilikuwepo, na lilikuwa limerefuka kuliko jana. Alikaa muda mrefu, kidole juu ya kitufe cha kufutia, akijua vizuri kwamba anayemngoja mle ndani si Senad. Kisha akakiondoa kidole, akasogeza kiti karibu kama mtu aotaye moto.

"Mtoto hayupo," alisema kwa sauti ya chini. "Nisimulie mimi."

Akafungua.