Nahodha Aliyekataa Baiskeli

"Barua imepanda baiskeli."

Sauti ya Mjomba, jina la siri la bosi wake, ilimwingia Nyigu sikioni kama maji ya barafu.

Wakati huo Nyigu yuko kiti cha nyuma cha pikipiki. BMW kubwa, inashuka mlima kwa kilomita tisini kwa saa, kona juu ya kona, na mbele yake waendesha baiskeli mia moja na thelathini wameinama kama mishale. Upande wa kushoto ukuta wa mawe. Upande wa kulia hakuna kitu. Hakuna kabisa. Ukianguka huko utafika chini umeshasahau jina lako.

"Rudia," alisema Nyigu.

"Ile barua. Karani aliyeiiba tumemkamata saa moja iliyopita. Kataja timu ya njano. Kadi ndogo kama ukucha, iko ndani ya fremu ya baiskeli mojawapo. Baiskeli ipi, hajui."

Nyigu akazitafuta fulana za njano kundini. 

Sikia, barua yenyewe haikuwa barua. Ilikuwa orodha ya majina kumi na saba. Watu kumi na saba wanaoishi ng'ambo ya mpaka, wanaotutazamia mambo huko kimyakimya, miaka nenda rudi. Wakijulikana, hakuna kesi wala wakili. Ni gari tu linakuja nyumbani.

Asubuhi ile Mjomba alimtumia Nyigu nakala kwenye simu, asome mara moja na kufuta.

Alisoma mara nne.

Jina la tatu lilikuwa la mama yake mzazi.

Mama yake. Mfagiaji wa ofisi za wizara kule ng'ambo, mwanamke ambaye Nyigu alidhani siri yake kubwa ni kulamba sukari wakati daktari kamkataza.

"Ulijua?" alimuuliza Mjomba.

"Nilimwajiri mimi, kabla yako," alijibu Mjomba. "Yeye hajui kuhusu wewe. Hivyo ndivyo mlivyobaki wazima mpaka leo."

Basi ndiyo hali. Mbio za siku zinavuka mpaka kwenye daraja la chuma, kilomita ishirini na sita mbele. Na msafara wa mbio haupekuliwi. Serikali mbili zimekubaliana, lango wazi, bendera zinapepea, televisheni za dunia ziko juu angani na helikopta. Nani atapekua baiskeli inayokwenda hamsini kwa saa?

"Nisimamishe njano wote," alisema Nyigu.

"Kwa sababu gani? Kocha wao ana simu ya satelaiti garini. Anaogopa kuirusha orodha hewani kwa kuwa anajua tunasikiliza. Ukimbana, ataacha kuogopa. Dakika moja, majina yote yamefika. Ichukue baiskeli yeye akiwa mbali nayo."

"Kwa nguvu zipi?"

"Wewe si mwamuzi? Amua."

Simu ikakatika.

Nyigu alikuwa na bastola ya Glock chini ya kizibao cha bluu cha waamuzi. Leo ilikuwa pambo tu. Silaha zake za kweli zilikuwa filimbi, daftari, na redio ya Motorola yenye njia mbili: njia ya kwanza ya waamuzi peke yao, njia ya pili inayosikika kwenye magari yote ya timu.

Na hiyo njia ya pili kuna mtu alikuwa hanyamazi.

"Mwamuzi mkuu, naomba kuuliza tena."

Kocha wa timu ndogo kuliko zote. Gari lao bovu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Watu walimwita Lalamiko.

"Lalamiko, umeshajibiwa," mwamuzi mkuu alisema kutoka kwenye gari lake jekundu, sauti imechoka.

"Sijajibiwa. Kijana wangu asubuhi kashika dirisha la gari, mkahesabu mpaka nne, mkamtoa mbioni. Sawa, alishika. Lakini hao njano wanavutwa kila mlima. Baiskeli zao hazijakaguliwa hata siku moja, na leo ni siku ya sita. Zetu mnazikagua mpaka kengele."

"Nunua gari kwanza, ndiyo uje na malalamiko," mtu mmoja alidakia. Makocha wakacheka.

Nyigu hakucheka. Siku sita. Mwamuzi mkuu aliogopa timu kubwa kuliko anavyoogopa dhambi, hilo kila mtu alilijua. Njano nao walilijua. Ukitaka kuficha kitu, unakificha pale ambapo mkaguzi anaona haya kutazama.

"Umetulia sana huko nyuma," alisema dereva wake. Walimwita Klachi, mtu mzima mwenye mvi, shingo nene, utani mwingi. "Ukitapika, tapika kulia. Kushoto kuna makamera."

"Endesha."

Simu ikatetemeka kifuani.

MAMA.

Moyo wa Nyigu uligonga mara moja, kisha kama ukasimama kufikiri. Asipopokea, mama atapiga mara kumi. Akipokea, kuna sikio la tatu. Simu za ng'ambo zote zina sikio la tatu.

Alipokea.

"Wewe, mbona upepo hivyo? Uko juu ya paa?"

"Niko kazini, mama. Dirisha la gari liko wazi."

"Lifunge, utapata kifua. Bima gani hiyo mnauza mbiombio. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Sikiliza, kuna vijana wawili wameegesha gari hapa nje tangu asubuhi. Nimewapelekea maji, wamekataa. Nimewapelekea viti, wamekataa. Siku hizi watu hawana adabu kabisa."



Walikuwa wameanza kuhisi. Walikuwa wanasubiri uhakika tu. Uhakika ule ulikuwa mbele yake hapa, unanyonga pedali kuelekea darajani.

"Mama," alisema polepole, "leo si ungeenda kwa mama mdogo?"

"Nikafanye nini? Nina nguo kambani."

"Umsalimie tu."

"Salamu zitanianikia nguo? Haya, fanya kazi. Na ule."

Akakata. Nyigu alibaki ameishika simu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, mikono yake ilitetemeka mpaka Klachi akaisikia kiunoni.

Klachi akaongeza mafuta.

Kilomita kumi na nne kufika mpakani.

Ndipo mkono wa njano ukainuka katikati ya kundi.

Pancha. Tena ya nani? Ya nahodha wao. Mtu wa pili katika mbio nzima, nyuma ya kiongozi kwa sekunde kumi na moja tu. Gurudumu la nyuma limelala chapati. Mwenzake mmoja alifunga breki palepale, akaruka chini, akamsukumia baiskeli yake. Ndivyo inavyofanyika. Nahodha akipata pancha karibu na mwisho, anapewa baiskeli ya mwenzake, anapotea. Sekunde tano.

Nahodha aliitazama ile baiskeli.

Akatikisa kichwa.

"Kachanganyikiwa huyu?" Klachi aliuliza.

Nahodha alisimama kando ya barabara, ameikumbatia baiskeli yake mbovu kama mtu aliyeshika mtoto mchanga, akingojea gari la timu lije na gurudumu. Sekunde ishirini. Arobaini. Mbio zote alizozitolea jasho wiki nzima zinamponyoka, na yeye haachi chuma.

 Mtu anayetaka kushinda hana mapenzi na baiskeli. Huyu hakutaka kushinda. Huyu alitaka kuvuka.

"Ni hiyo," alinong'ona. "Klachi, mfuate."

Gurudumu likabadilishwa. Nahodha akapanda. Gari la njano likaja ubavuni mwake, kocha akatoa mkono dirishani na chupa ya maji, nahodha akaishika chupa. Hakuiachia. Kisha akashika fremu ya dirisha kabisa, na gari likakanyaga mafuta.

Sitini. Sabini.

Nyigu alihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Hapo ndipo kijana wa Lalamiko alipofia. "Tano. Sita."

Alifika kumi na moja.

Akabonyeza njia ya kwanza. "Mwamuzi mkuu, nahodha wa njano kavutwa na gari, hesabu kumi na moja. Namtoa mbioni. Baiskeli naishika kwa ukaguzi, kama kanuni inavyosema."



"Mpe onyo," alisema mwamuzi mkuu. "Aendelee."

"Kanuni haina onyo."

"Binti, usinitafutie makubwa. Aendelee."

Kilomita tisa. Nyigu alitazama mgongo wa nahodha ukirudi kwenye kundi. Aliona gari lililoegeshwa nje ya nyumba fulani. Aliona nguo kambani.

Woga ulimjaa mpaka masikioni. Na woga, ukijaa sana, kuna wakati unakuwa kama akili.

Akageuza swichi. Njia ya pili.

"Mwamuzi mkuu, natoa taarifa upya. Nahodha wa njano. Ameshika gari hesabu kumi na moja. Nasubiri uamuzi wako."

Magari ishirini na mawili yakasikia. Na kila gari lina redio inayofika sikioni mwa waendeshaji wake.

Mwamuzi mkuu angeweza kujiokoa hapo. Neno moja tu. Lakini mtu akizoea kuogopa upande mmoja, shingo inakataa kugeuka.

"Nimesema aendelee."

 Kisha sauti ya Lalamiko, safari hii ndogo, haina kelele.

"Wangu alishika nne tu."

Hakuna aliyecheka.

Kilomita saba. Sita. Hakuna kilichotokea, na Nyigu akaanza kuomba dua ambazo hakujua bado anazikumbuka. Tano. Nne. Daraja likaonekana mbele, chuma kijivu, na ng'ambo yake watu waliovaa miwani myeusi wamesimama wawiliwawili.

Kilomita mbili kasoro, kiongozi wa mbio, yule aliyemzidi nahodha kwa sekunde kumi na moja, aliinua mkono wake.

Akafunga breki.

Wa pili akafunga. Wa kumi. Wa hamsini. Kundi zima likasimama katikati ya barabara, baiskeli zikalazwa chini kutoka ukingo hadi ukingo, wanaume wakakaa juu ya lami na viatu vyao vya kukwaruza, wakakunja mikono.

"Hatuendi," alisema kiongozi, mbele ya kamera. "Kanuni iwe ya wote au tukalale."

Helikopta ikashuka chini kutazama.

Nahodha wa njano peke yake ndiye aliyebaki wima, anageuzageuza shingo, anatafuta mwanya. Hakukuwa na mwanya. Akabeba baiskeli begani ili apite juu ya wenzake.

Nyigu alikuwa ameshamfikia. Filimbi mdomoni. Akaipuliza, akashika gurudumu la mbele kwa mikono yote miwili.

"Umetoka mbioni. Achia."

Nahodha alitazama nyuma, akaona macho mia yanamtazama. Akaachia.

Lakini kocha wake naye alikuwa mbioni, ametelekeza gari, simu nene ya satelaiti mkononi. Akafika ubavuni kwa Nyigu anatabasamu kwa ajili ya kamera, na kitu chembamba, kigumu, kikamgusa mbavuni. Bisibisi.

"Nipe fremu dakika moja," alinong'ona. "Moja tu. Ukipiga kelele naisukuma mpaka mpini."

 Ncha ilishapita kizibao. Akili yote ya Nyigu ilikuwa pale, kwenye nukta ile moja ya ngozi. Bastola iko upande mwingine wa mwili, mbali kama nchi nyingine.

Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kitufe cha redio.

Akabonyeza.

"Kocha wa njano," alisema, sauti inatetemeka na akaiacha itetemeke, "anagusa baiskeli iliyo mikononi mwa mwamuzi."

Wanaume mia moja na thelathini wakasimama.

 Walimzunguka kocha tu, jasho lao, miguu yao kama magogo, karibu, karibu zaidi. Kocha akageuka. Nukta ile mbavuni ikapungua kwa unywele.

Mkono wa Klachi ukatokea juu ya bega la mtu, ukaushika mkono wa kocha, ukauzungusha. Kitu kikalia *ka*. Bisibisi ikaanguka. Simu ya satelaiti ikaanguka, na kiatu cha mtu kikaikanyaga kwa bahati mbaya. Kisha kwa bahati mbaya tena.

"Samahani, mzee," alisema mwenye kiatu.

Ndani ya gari la waamuzi, pazia limefungwa, Nyigu alichomoa kiti cha ile baiskeli, akainamisha fremu. Kadi ikadondoka kiganjani, imefungwa ndani ya kipande cha tyubu.

"Barua ninayo," alisema.

Mjomba alishusha pumzi ndefu. Mjomba, ambaye huwa hapumui kwenye simu.

"Ngoja." Dakika mbili. Dakika mbili za kuzeekea. "Gari la nje limeondoka. Hawakupata cha kuthibitisha. Mama yako anaanua nguo."

Nyigu aliegemea mlango. Hakulia. Alihesabu pumzi.

Alipotoka, Lalamiko alikuwa anamsubiri, kofia mkononi, uso umechanua.

"Binti, umetutendea haki. Sasa yule wangu wa asubuhi, si anarudi mbioni?"

"Alishika gari?"

Lalamiko akakuna kichwa. "Alishika."

"Basi harudi."

Lalamiko alifungua mdomo kulalamika. Akaufunga. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeshindwa kihalali kwa mara ya kwanza maishani.

"Pikipiki iko tayari," alisema Klachi. "Nikupeleke wapi?"

"Natembea."

Akavua kizibao cha bluu, akakitupia juu ya boneti ya gari jekundu mbele ya mwamuzi mkuu, akaingiza mikono mifukoni. Akatembea polepole kuupanda mlima, mgongo umenyooka, hatua moja, nyingine, na wote waliobaki chini wakasema yule dada hana woga hata chembe.

Mifukoni, mikono ilikuwa bado inatetemeka.