Dubwi wa Sponji

Upepo wa Uyole siku hiyo ulikuwa wa kuudhi, na malori ya Tunduma yalikuwa yameziba barabara pande zote mbili. Apolonia Kalinga alikuwa ametoka sokoni na trei la mayai mikononi, amevaa gauni la kitenge la bluu na sweta jeusi jipya. Alikuwa anayahesabu mayai yake kwa mara ya pili, maana muuzaji alikuwa amemchekea sana, na Apolonia hakuwaamini watu wanaochekacheka. Hapo ndipo bapa zima la sponji ya godoro lilipomkumba kutoka nyuma.

Trei likaenda chini. Nyuma ya sponji akachomoza kijana mrefu mwenye shati lenye madoa ya gundi, macho yamemtoka.

"Samahani dada! Upepo umeninyang'anya!"

"Upepo huo una jina?"

"Unaitwa Ipyana, fundi sofa wa kile kibanda cha kijani. Ndaga, pole sana, dada. Mayai yako nitayarudisha yote."

"Najua yalikuwa mangapi."

"Naamini. Nimekuona ukiyahesabu kama karani wa sensa."

Apolonia hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Ipyana alirudisha mayai yote, akaongeza mawili, na akaondoka na namba ya simu ya Apolonia. Wale wanaokaa Uyole wanasema mapenzi mengi yameanzia pale kwenye foleni ya malori, lakini yaliyoanzia kwenye mayai yaliyopasuka ni hayo peke yake.

Apolonia alikuwa na duka la dawa kule Soweto, katikati ya Mbeya, na alikuwa na sababu ya kuwa vile alivyokuwa. Mchumba wake wa kwanza alimvisha pete kanisani, watu wakapiga vigelegele, kumbe Makambako alikuwa na mke na watoto wanaomwita baba. Tangu hapo Apolonia alichunguza kila kitu: chenji, tarehe za dawa, na hasa wanaume. Siku ya tatu ya kunywa chai na Ipyana alimwambia wazi.

"Mimi sitaki mengi. Nikikukamata na uongo mmoja tu, hutaniona tena."

"Hata uongo mdogo?"

"Mbona unauliza ukubwa?"

Ipyana akainamia kikombe chake. "Sawa," alisema. Ile sawa ilichelewa kidogo, na Apolonia aliona ilivyochelewa.

Hata hivyo walipendana, tena sana. Ipyana alimpigia simu kila asubuhi kabla hajafungua duka.

"Daktari wangu, umeamkaje?"

"Mimi si daktari, nauza panadoli."

"Basi niuzie moja, moyo unaniuma."

"Moyo hautibiwi na panadoli. Uko wapi?"

"Watu husema kwanza, nimeamka salama mpenzi."

"Uko wapi, Ipyana?"

Kila mwisho wa mwezi jibu lilikuwa hilo hilo: Iringa, kufuata sponji. Apolonia akanyamaza, ila hakusahau. Frida, mama wa maandazi aliyepanga jirani na kibanda cha kijani, alikuwa amemwambia bila kuulizwa kwamba sponji ya Ipyana huletwa na lori mpaka mlangoni. Sasa Iringa alikuwa anafuata nini? Apolonia mwenyewe kwao ni Tosamaganga, mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini. Alipomwambia twende wote nikasalimie nyumbani, Ipyana alisema, "Safari hii hapana, mpenzi." Na safari iliyofuata ikawa vile vile.

Jumamosi moja mvua ilimkuta Apolonia kibandani. Ipyana alitoka mara moja kwenda kupima makochi ya mteja ng'ambo ya barabara, akamwacha kwenye chumba chake cha nyuma ajipashe moto. Chini ya kitanda kulikuwa na begi la shangazi kaja, lile la nailoni lenye miraba. Apolonia aliliangalia. Akaangalia mlango. Mwanamke mwingine angekaa akanywa chai yake, lakini huyu tunamfahamu. Alipiga magoti akalivuta.

Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba, na ndani ya nailoni, kikaragosi. Lilikuwa dude kubwa la kijani iliyopauka, mdomo wa chura na pembe za nyati, macho yametengenezwa kwa mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu. Sponji yake ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Ilitoa harufu chungu, ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Nyuma ya shingo palikuwa na tundu la kuingizia mkono, limeshonewa sufi laini ya sweta jekundu.

Apolonia aliingiza mkono. Uliingia sawasawa, kila kidole mahali pake. Moyo ukampiga, kwa sababu mkono wa Ipyana ni mkubwa, usingepita hata kwenye mdomo wa lile tundu. Hiki kitu kilikatwa kwa ajili ya mkono wa mwanamke. Iringa kuna mwanamke, basi! Alikunja vidole kwa hasira, na taya la juu likakatika. Halikuchanika. Lilimeguka kama mkate wa juzi, pembe moja ikafuata, jicho likabingirika chini ya meza, na unga wa rangi ya machungwa ukamwagika kwenye sweta jeusi.

Alirudisha kila kitu kwenye nailoni, akafunga kamba, akapangusa mikono. Ipyana aliporudi alimkuta amesimama mlangoni anasema mvua imepungua. Alimsindikiza kwenye bajaji, ila macho yake yalitua kwenye mkono wa sweta na kubaki pale.

Jioni simu iliita.

"Apolonia, uligusa begi langu?"

"Begi gani?"

"Lile la chini ya kitanda."

"Mimi nikaguse begi lako nitafute nini? Au kuna kitu unaficha?"

"Haya. Usiku mwema."

Hakusema mpenzi, hakusema daktari wangu. Asubuhi iliyofuata simu haikuita, wala ile ya pili. Apolonia alilifua lile sweta na unga ukagoma kutoka. Alijiambia kuwa yeye ndiye aliyetendewa, lakini kila alipokumbuka lile taya kumeguka, aliona aibu iliyomfanya afunge duka mapema.

Siku ya nne alipigiwa na Frida. "Mwenzangu, fundi wako amechanganyikiwa? Tangu juzi amejifungia anakata sponji mpya, anaipaka majani ya chai na manjano. Na kesho anapanda basi la Iringa."

Apolonia akapanda basi lile lile. Alikaa siti ya nyuma kabisa, kichwa amekifunga mtandio wa mamake, miwani ya jua usoni, gazeti limemfunika mpaka kidevu. Ipyana alikaa mbele na begi mapajani, amelikumbatia. Mpaka wanafika Nyololo, basi liliposimama watu wanunue chakula, Apolonia alikuwa ameshamchora yule mwanamke kichwani: mweupe, mnene wa wastani, na mkono mdogo. Alishuka kununua mahindi ya kuchoma, na mtu akasimama nyuma yake.

"Hata ungevaa ile miwani ya wachomelea vyuma," Ipyana alisema, "ningekujua kwa unavyochagua mahindi. Umeyageuza yote."

Apolonia alivua miwani. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Unaenda kwake," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yupo?"

"Yupo. Twende umwone." Sauti yake ilikuwa ya uchovu. "Wewe hutaki kuambiwa, unataka kuona. Basi njoo uone."

Nyumba ilikuwa Kihesa, ndogo, ya tofali za kuchoma, na mlango ulikuwa wazi. Ndani kwenye kochi alikaa mzee mwembamba mwenye koti la suti lililokuwa kubwa kwake, macho yake meupe yameelekea dirishani.

"Kamwene, Mzee Liberatus," alisema Ipyana.

"Kamwene. Leo mko wawili. Huyo mwingine anatembea kama askari, ni nani?"

"Anaitwa Apolonia. Wa Tosamaganga."

"Shikamoo baba," Apolonia alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi, na Apolonia aliyapata yote pale, vipande vipande. Zamani nyuma ya nyumba ile kulikuwa na karakana ya madubwana. Mzee Liberatus alinunua magodoro mabovu, akayakata kwa wembe na kisu cha mkate, na vijana wake wakayageuza kuwa viumbe vya kuzunguka nao mashuleni kufundisha watoto kunawa mikono. Kulikuwa na ng'ombe mwenye miguu saba, nungunungu wa mirija ya soda, na mbu mkubwa aliyehitaji watu wanne. Ipyana aliingia pale akiwa kijana wa kuchemsha gundi. Mfalme wa wote alikuwa Dubwi, na Dubwi alikatwa kwa kipimo cha mkono wa Mama Bertha, mke wa mzee, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kumfanya Dubwi atukane, watoto wakacheka bila walimu kukasirika. Fedha za mradi zilikoma, vijana wakatawanyika, Mama Bertha akafariki, na presha ya macho ikamaliza macho ya mzee. Viumbe vyote vilioza kwenye stoo. Alibaki Dubwi, na kila mwezi Ipyana alimleta mzee amshike, na kumwambia kwamba wengine wote wako salama Mbeya, kwenye kabati la vioo.

"Haya, nipe mtoto wangu," mzee alisema.

Ipyana alifungua begi bila kumtazama Apolonia. Alitoa Dubwi mpya, aliyepakwa chai na manjano, macho ya zamani yamebandikwa upya, sufi ile ile nyekundu imeshonewa ndani. Mzee akampokea. Vidole vyake vilipita kwenye pembe, vikashuka shavuni, vikasimama.

"Amenenepa."

"Ni baridi ya Mbeya, mzee," alisema Ipyana haraka. "Imevuta unyevu."

"Hm. Na harufu ya chai?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Mzee aliingiza vidole viwili kwenye lile tundu, akapapasa sufi, na uso wake ukabadilika. Apolonia alimwona. Aliona pia jasho kwenye paji la Ipyana, na akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa amekaa siku kadhaa akikata sponji ili kufunika kosa ambalo si lake.

"Baba, si yeye huyo," Apolonia alisema. Machozi yalikuwa yameshamwagika. "Dubwi nilimvunja mimi. Niliingia kwenye begi la mtu nikitafuta mwanamke, nikaweka mkono wangu, akameguka. Ipyana aliponiuliza nikakana. Nisamehe, baba. Na wewe Ipyana nisamehe."

Ipyana alifumba macho. Mzee akaanza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika ndani ya lile koti.

"Sponji ya godoro!" alisema. "Niliikata mimi mwenyewe. Mnadhani sijui inaishi muda gani? Kila nikimshika, unga unabaki mikononi. Na kabati la vioo! Nani amewahi kuona fundi sofa mwenye kabati la vioo?"

"Sasa mbona ulikuwa unamuulizia kila mwezi?" Ipyana aliuliza.

"Ningeulizia nini ili uje?"

Mzee aligeuza uso kuelekea Apolonia. "Binti, ulisema uliweka mkono. Tundu lilikubana?"

"Hapana, baba. Ulikaa vizuri."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akatoa leso, na wale wawili wakatoka nje wakamwacha afute uso wake.

Walisimama kwenye kibaraza, pua ya Apolonia nyekundu, mtandio umeangukia mabegani. Ipyana aliegemea nguzo.

"Niliona unga kwenye sweta lako," alisema. "Nilijua tangu siku ile. Nilichotaka ni useme."

"Na wewe kwa nini hukuniambia kuhusu mzee?"

"Ningekuambiaje? Ulisema ukinikamata na uongo mmoja tu, basi. Mimi kila mwezi nilikuwa namdanganya kipofu. Nikaogopa."

"Kwa hiyo nilikutisha."

"Sana."

Apolonia aliurudisha mtandio kichwani. "Nakupenda, Ipyana, lakini nitakushuku tena. Usidhani nimepona. Jumatatu tu ukichelewa kupokea simu nitakushuku."

"Ukinishuku niulize. Nitajibu, hata kama jibu linaniumbua. Na ukivunja kitu, niambie kabla sijakiona."

"Sawa." Hii haikuchelewa hata kidogo.

"Sasa mimi naomba kuuliza," alisema Ipyana. "Nikituma mshenga kwenu Tosamaganga, utanikubali?"

"Mshenga gani?"

"Mzee Liberatus."

"Ipyana! Kipofu atawaambiaje wazazi wangu kwamba wewe ni kijana mzuri?"

"Ndiyo maana nimemchagua yeye."

Apolonia alicheka na machozi yake, kisha akaacha kucheka, akamtazama. Hakumuuliza kama ana mtu Makambako. Hakumwomba simu yake aipekue.

"Nakubali," alisema. "Na sijachunguza."

Nyuma ya pazia la mlango mtu alikohoa.

"Nimesikia yote," alisema Mzee Liberatus. "Nitahitaji shati jeupe."