Mkwe Aliyesimama Langoni

Okeny aliingia Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla jijini Kampala, saa nne asubuhi akiwa na sanduku la vifaa mkononi na njaa tumboni, wala hakuwa na mpango wowote wa kumpenda mtu. Alikuwa fundi wa mizani. Alipita duka kwa duka, akilinganisha mawe, akikaza springi na kutukanwa na wenye maduka ambao mizani yao ilikutwa inadanganya. Wachukuzi walikuwa wakipita mbio na magunia mgongoni, kila mmoja akipiga mluzi watu wampishe, na harufu ya sabuni za miche ilikuwa imechanganyika na ya mukene, wale dagaa wakavu, hata mtu hajui kama hapo panafuliwa au panapikwa.

Gunia la sukari lilimpiga begani. Okeny akayumba, akajikuta ndani ya duka la tende na viungo, akashika kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yake asianguke.

Nyuma ya meza alisimama msichana mrefu aliyevaa dira la zambarau, mtandio wa manjano ameufunga nyuma ya shingo kama mtu aliye kazini, hina imebaki kwenye kucha tu. Alimtazama mgeni, kisha akatazama mkono wake ulikokuwa, juu ya mizani.

"Ssebo, mkono yako iko kilo sita," alisema. "Unauza?"

"Mkono yangu haiwezi kuwa kilo sita, nnyabo. Mizani yako iko na shida."

"Mizani yangu iko sawa. Wewe ndiyo uko na shida."

Okeny alifungua sanduku lake papo hapo, akatoa jiwe la kilo tano, akaliweka. Msichana akainama kusoma. Mizani ilikuwa na kasoro kweli, ila ilikuwa inampunja mwenye duka, si mteja. Kwa miezi kadhaa wateja wa duka lile walikuwa wanabeba tende za ziada na kwenda zao bila kusema neno. Msichana alicheka mpaka akakaa chini, na Okeny, aliyezoea kutukanwa, akashindwa aweke wapi macho yake.

Jina lake lilikuwa Nuriat. Duka lilikuwa la mjomba wake, Taban, na kwao ni Bombo, nje ya Kampala, kwa Wanubi. Tangu siku hiyo hapakuwa na mizani iliyokaguliwa kama ile katika Uganda nzima. Okeny alirudi wiki ile ile, akarudi tena, na mara ya nne hata sanduku la vifaa alilisahau nyumbani. Nuriat alimuuliza kama leo atapima kwa macho. Akajibu ndiyo, ameshapima, na hajaona kasoro.

Mapenzi yao yalikuwa ya watu wenye kazi. Jioni walikutana karibu na Mulago, wakala rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, wakiwa wamesimama, kisha kila mmoja akaelekea kwao, Okeny Kyebando, Nuriat Bombo. Yaliyobaki yalimaliziwa kwenye simu. Wote wawili walikuwa wa ukoo wa askari, wamekua na Kiswahili cha kambini, na hicho ndicho walichotaniana nacho. Okeny alimwita Nuri. Nuriat alimwita fundi, na alipokuwa na furaha sana akamwita fundi wangu, kisha akakata simu upesi kabla hajajibiwa.

Mwezi wa pili wa kujuana kwao ulipokaribia, Okeny akamwambia kuwa ni wakati wa kumsalimia mzee.

Mzee alikuwa kaburini. Sajini Okwera, baba yake, aliuawa vitani kaskazini Okeny akiwa na miaka kumi. Siku zile kijiji chao kilikuwa kimehamia kambi ya wakimbizi, barabara ya kwenda huko haipitiki kwa usalama, basi jeneza likabaki Kampala na mzee akazikwa kwenye uwanja mdogo wa makaburi nyuma ya kanisa, pale pale Kyebando. Kila mwaka, siku aliyokufa, mjane wake, Mama Aloyo, humpelekea watoto. Na msichana yeyote anayeletwa na mwanawe hawi mkwe mpaka afike hapo, ang'oe nyasi za kichwani pa kaburi kwa mkono wake, na Mama Aloyo alitaje jina lake kwa sauti ili marehemu amjue. Wake wawili wa kaka zake Okeny walipita njia hiyo hiyo.

Okeny, kwa uvivu wa ulimi walio nao wanaume wengi, hakueleza hata moja kati ya desturi hizo. Alisema tu, tutaenda kumsalimia mzee kaburini. Nuriat akasema kale, yaani sawa, akanunua dira jipya jeupe lenye ua la kijani kifuani, na usiku akakaa kitandani akipanga maneno ya kumwombea mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Mama Aloyo, katika gomesi la bluu lenye mabega yaliyosimama, aliingia langoni wa kwanza, Okeny nyuma yake. Nuriat alifika kwenye lango, akavua viatu, akasimama hapo hapo, nje.

Kwao wanawake hawaingii makaburini. Tangu utotoni, asubuhi ya kila Idi, wanaume huingia kumzuru babu yake, Abudu, koplo aliyeuawa katika vita vya mwaka wa sabini na tisa, na wanawake hupanga mstari nje ya ua, viganja wazi, wakiomba mpaka wa mwisho atoke. Nuriat hakujua kuwa kuna heshima kubwa kuliko hiyo. Basi akainua viganja vyake, akafumba macho na kuanza.

Mama Aloyo alimwita aje. Nuriat alifumbua macho, akatabasamu, akatikisa kichwa kuonyesha kuwa hapa panatosha. Mama akamwita tena. Nuriat akatabasamu tena. Mama alingoja kidogo, kisha akapiga magoti, akang'oa nyasi mwenyewe. Jina la mtu halikutajwa.

Nyumbani chai ilikuwepo na karanga zilikuwepo, ila Mama Aloyo alisema mgeni akaribishwe sukari, mgeni aletewe kiti chenye kivuli. Asubuhi alikuwa amemwita mwanangu. Nuriat alilisikia hilo neno mgeni kila lilipotoka.

Jioni Okeny alipiga simu.

"Umefika salama?"

"Nimefika. Mama yako amesema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu."

Ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Mama Aloyo alikuwa amekaa mlangoni na mikono mapajani. Baba yake mzazi aliingia Kampala mwaka ule wa sabini na tisa pamoja na jeshi la wakombozi, na koplo Abudu alikuwa upande wa pili, katika jeshi lililoshindwa. Jambo hilo lilijulikana tangu mwanzo, lakini hakuna aliyelitaja, na sasa kila mtu alikuwa anadhani ndilo lililomsukuma mwenzake.

Okeny alikaa nalo siku tatu, na lilipomtoka lilitoka vibaya.

"Nuri, kama ni ile mambo ya sabini na tisa, ungeniambia tu. Kuliko kukataa kuingia kwa baba yangu mbele ya mama."

"Kumbe hiyo ndiyo mnanihesabia," alisema Nuriat. "Nimesimama juani kwa baba yako mpaka miguu inaungua, kumbe mnanitazama na mnamwona babu yangu."

Akakata simu. Okeny alipiga mara sita, na mara ya saba simu ilikuwa imezimwa. Kesho yake Ramadhani ikaanza.

Ulikuwa mwezi mrefu. Okeny alipita Kikuubo kwa njia ya nyuma ili asilione duka la tende, wakati tende ndizo zilizokuwa zimejaa kila mahali. Alikaza springi mpaka zikakatika. Nuriat naye alifunga, akauza, akafuturu, na hakuna aliyemsikia akicheka. Mjomba Taban, ambaye alikuwa amejua zamani kwa nini mizani yake inahitaji fundi kila wiki, aliuliza mara moja tu, akajibiwa kuwa fundi ana kazi nyingi. Hakuuliza tena.

Alfajiri ya Idi Okeny aliamka, akapiga pasi shati jeupe, akawasha pikipiki na kwenda Bombo. Hakuwa amepanga la kusema. Alitaka aambiwe kwa mdomo kuwa hatakiwi, arudi, aanze kuzoea.

Alikutana na wanaume wanatoka kuswali, kanzu nyeupe zimejaa barabara. Mjomba Taban alimwona, akamsalimia kama aliyekuwa akitarajiwa, akamwambia kuwa wanakwenda kumzuru mzee Abudu na kwamba mgeni wa Idi habaki barabarani. Akamvika kofia ya mtu mwingine iliyokuwa kubwa kidogo. Okeny akafuatana nao, akaingia pamoja nao, akasimama mbele ya kaburi la koplo. Wenzake walipoinua viganja, naye akainua. Alipogeuza kichwa ili aone wanafanya nini baadaye, aliwaona wanawake.

Walikuwa nje ya ua, mstari mzima, vikongwe na wasichana, viatu wamevua, viganja wazi, macho yamefumbwa. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa Nuriat, amesimama vile vile alivyosimama Kyebando. Hapakuwa na tofauti hata ya kidole.

Okeny alihisi aibu imempanda mpaka masikioni. Alingoja dua iishe, akaenda moja kwa moja kwenye ua, yeye ndani, Nuriat nje.

"Nuri. Siku ile pale langoni kwetu, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasalimia baba yako. Wewe ulidhani nauza tende?"

"Mbona hukuniambia?"

"Salamu nayo inaelezwa? Wewe mbona hukuuliza?"

Okeny alitazama chini. "Niliogopa jibu," alisema. "Niliona kama nikiuliza, utasema ndiyo, ni kweli, hunitaki na watu wangu. Nikaona heri nikasirike. Nisamehe."

Bibi yake Nuriat, aliyekuwa karibu, alijifanya anatafuta kiatu.

"Nimefunga mwezi mzima na hasira yako tumboni," Nuriat alisema. "Njaa ni nyepesi. Hasira ndiyo ilikuwa kazi."

"Nataka kukuoa."

"Mwambie mama yako kwanza nilikuwa nafanya nini."

Alimwambia siku ile ile. Mama Aloyo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja, kwamba yule mtoto alisimama muda gani. Okeny akasema mpaka walipomaliza. Mama akasema, na jua lile, kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka chakula kilipoiva.

Bombo napo hapakuwa kimya. Mambo ya ndoa na dini, Mjomba Taban alisema, wazee watakaa kitako wayazungumze, haraka ya nini. Ila Nuriat alikuwa na swali lake mwenyewe, akampelekea bibi. Bibi akamjibu kuwa wako wanawake wanaoingia makaburini na wako wasioingia, wao wamerithi kutoingia, na kama moyo unamtuma aingie mara moja kwa ajili ya amani, Mungu si mgumu kiasi hicho.

Jumapili iliyofuata walikwenda tena makaburini Kyebando, wote watatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, nyasi zimerudi kichwani pa mzee kana kwamba hazikung'olewa. Nuriat alikuwa amevaa kijani na leso mpya mabegani. Alifika langoni, akavua viatu, akasimama kama alivyozoea. Halafu akavuta pumzi, akainua mguu avuke.

"Ngoja hapo," alisema Mama Aloyo, aliyekwisha kuingia.

Nuriat akarudisha mguu, uso umekauka. Mama Aloyo akamkabidhi mwanawe jembe dogo, akamwambia nyasi za leo ni zake, kisha akakunja pindo la gomesi lake, akarudi kwa njia ile ile aliyoingilia, akatoka langoni. Akasimama nje, bega kwa bega na msichana.

"Usivuke kwa ajili yangu," alimwambia. "Kwenu mnafanya namna gani? Nionyeshe."

Nuriat aliinua viganja. Mama akavitazama, akainua vyake, vigumu na vyenye makovu ya kazi.

"Okwera," aliita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya uwanja. "Mimi, Aloyo. Leo nakuita kutoka nje, usishangae. Huyu mtoto alikuja kukusalimia na mimi nikamnunia. Kosa ni langu, si lake. Anaitwa Nuriat. Ni mke wa Okeny."

Kisha akamgeukia msichana na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Babu yako, yule wa sabini na tisa. Jina lake nani?"

Ilibidi Nuriat aanze mara mbili. "Abudu," alisema. "Koplo Abudu."

Mama Aloyo alikuwa anamwona baba yake, kijana, na bunduki begani, anaingia mjini huku watu wanashangilia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anajiuliza ni nani aliyekuwa analia siku hiyo.

"Okwera," aliita tena. "Huko uliko yuko koplo mmoja, anaitwa Abudu. Sasa ni ndugu yetu. Mtafute. Na ukimwona baba yangu, mpeleke kwake, wapeane mkono."

Nuriat alisema amina, machozi yanamshuka na hayapangusi kwa kuwa viganja vilikuwa na kazi. Mama Aloyo, ambaye hajawahi kuomba hivyo siku yoyote, naye akasema amina. Wakabaki wamesimama pale nje, wakimngoja Okeny amalize nyasi.