Nyama ya Bwana Thirkell

Kila Jumamosi asubuhi Doreen Askew na mama yake walipanga foleni buchani kwa Pocock. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, lakini Uingereza nyama ilikuwa bado ya mgawo, na kila mtu aliandikishwa bucha moja tu. Pocock akikununia, utakula viazi mpaka ukome.

Jumamosi hiyo mbele yao alisimama Bwana Thirkell, jirani aliyemfundisha Doreen hesabu. Mwezi uliopita mahakama ilimtia hatiani kwa kumpenda mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa kisheria enzi hizo. Tangu hapo mtaa mzima ulimgeuka.

"Wewe sikuuzii," Pocock alisema, huku akifuta kisu. "Kwanza tuambie, wakati wa vita ulikuwa wapi?"

"Ofisini," Bwana Thirkell alijibu kwa sauti ndogo.

"Ofisini!" Bi Mossop, aliyekuwa kwenye foleni, akadakia. "Wenzako wanazama baharini, wewe unachonga penseli! Mwanangu hakurudi. Wewe huyo, mzima, na aibu juu!"

Watu wakacheka.

Doreen akamvuta mama yake mkono. "Mama, si wewe na yeye mlifanya kazi pamoja wakati wa vita? Waambie basi!"

"Nyamaza, Doreen."

Masikini mama wa watu! Yeye na Bwana Thirkell walikuwa wakifumbua jumbe za siri za Wajerumani, na waliapa kutosema hata kwa ndugu. Anayesema, jela. Asiyesema, ndiyo haya. Doreen hakuijua siri hiyo. Alichojua ni kwamba mwalimu wake anaonewa. Akatoka kwenye foleni, akaenda kusimama kando yake.

"We mtoto, rudi kwa mamako!" Pocock akafoka.

"Sirudi. Kama yeye hapati nyama, na mimi sili."

Ndipo mama yake Doreen, Bi Askew, ambaye mumewe naye alizama baharini, akatoka kwenye foleni.

"Pocock, alikokuwa nakujua, maana na mimi nilikuwako. Kazi yenyewe sisemi, hata mnikate ulimi. Lakini mwoga hakuwa. Kama yeye ni mwoga, na mimi mwoga, na nyama yangu kaa nayo."

Pocock alimtazama Bi Mossop. Bi Mossop alimtazama Bi Askew, aliyefiwa na wake baharini kama yeye.

"Mpimie," akasema mwishowe. "Mpimie, Pocock, twende zetu."

Pocock akaweka kipande cha kondoo kwenye mizani. Hukumu ya mahakama ilibaki palepale, lakini tangu siku hiyo Bwana Thirkell alipata nyama yake kama watu wengine.

Njiani Doreen aliuliza, "Mama, umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia mwenyewe," mama alijibu. "Nilijidanganya kwamba natunza siri, kumbe nilikuwa najificha. Siri uliyoapa, mwanangu, itunze mpaka kaburini. Lakini mtu akionewa mbele yako, nenda kasimame naye. Kusimama hakuvunji kiapo chochote."