Njaa Haipanui Nyonga

Soko huria lilikuwa limefika hadi Oldonyo Sambu. Mnadani kulijaa mitumba, redio za betri na sabuni za kila rangi. Lakini nyumbani kwa Nashipae desturi zilikuwa zilezile. Alfajiri alikamua ng'ombe, kisha akagawa maziwa. Mwanawe Lerionka alipata kikombe. Naipanoi, mke wa Lerionka, alipata uji mwepesi kama maji ya kunawa.

Haikuwa roho mbaya. Nashipae alimpenda sana mkwe wake. Lakini Naipanoi alikuwa na mimba ya kwanza, tena kubwa. Wazee walisema mjamzito ale kidogo, mtoto awe mdogo, apite bila shida. Nashipae alikuwa na sababu nyingine pia. Binti yake Nosim alifariki akijifungua, mtoto alikwama. Tangu hapo Nashipae alizidi kuogopa chakula kuliko njaa.

Siku ya kliniki Nashipae alimsindikiza mkwe wake. Naipanoi alipanda mzani akapata kizunguzungu. Nesi Kandida akamshika, akamkalisha, akamwangalia ndani ya kope.

"Damu imepungua. Unakula nini, dada?"

Naipanoi alimtazama mama mkwe wake.

"Mimi ndiye ninayemnyima," alisema Nashipae. "Sitaki mtoto akwame."

Kandida hakumkaripia. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama, ng'ombe wako wanazaa kwa shida?"

"Mara chache. Ndama akitanguliza miguu na kichwa, anatoka."

"Ng'ombe anatembea kwa miguu minne. Njia ya ndama imenyooka. Sisi binadamu tunasimama kwa miwili tangu zamani za kale, na mifupa ya nyonga ikabadilika ili itubebe. Njia ya mtoto ikapinda. Kichwa chake nacho ni kikubwa. Kwa kawaida anaingia akitazama ubavuni, halafu anageuka kutazama mgongo wa mama. Ni kama kupitisha meza mlangoni. Huisukumi tu, unaigeuza."

"Basi si afadhali awe mdogo?"

"Njaa haipanui nyonga, mama. Inamaliza damu na nguvu. Sasa nani atasukuma? Tena nyonga hujengwa tangu utotoni, kwa kula vizuri. Mlishe. Uchungu ukianza, mlete mapema. Mtoto akikwama, tunawahi hospitali mjini kwa upasuaji."

"Nosim alilala chali kutwa kucha," alisema Nashipae. "Mwishoni hakuweza hata kuinua mkono."

Kuanzia jioni hiyo Naipanoi alikula maharage, mboga, nyama na maziwa, akameza na vidonge vya kuongeza damu. Majirani walinong'ona kwamba Nashipae anamchimbia mkwe wake kaburi. Maneno hayo yalimchoma, na usingizi ulimpaa. Hata hivyo hakuacha kupika.

Uchungu ulipoanza, Lerionka alikodi pikapu wakawahi zahanati. Kandida hakumlaza Naipanoi chali. Alimtembeza, akampigisha magoti, kisha akamchuchumaza huku Nashipae amemshika kwapani.

"Kuchuchumaa kunaipa njia nafasi," alisema Kandida. "Sukuma, dada!"

Naipanoi alisukuma kwa nguvu zake zote. Nashipae alikiona kichwa kikitoka, kisha kikigeuka taratibu ili mabega yapite. Mtoto wa kike akalia kwa sauti kubwa. Nashipae naye alilia, kwa furaha na kwa uchungu wa zamani.

Baadaye alisikia kwamba mama mmoja jirani anamnyima chakula binti yake mjamzito. Alimfuata hadi kwake.

"Mama," alisema, "Nosim wangu alikwenda kujifungua akiwa na njaa, na mimi ndiye niliyemnyima. Wako mpe chakula."